Mara Mbili za Mhandisi

Nichekeni tu, ndugu wasomaji. Hata wadogo zangu, ninaowalea tangu wazazi wafariki, wamekwisha kunicheka.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika maabara ya udongo hapa Thika, nikitumaini kuandikwa kwa kudumu. Mhandisi Mzungu alinionyesha kipande cha udongo wa mfinyanzi kutoka Ruiru, kimebanwa ndani ya pete ya shaba ili kikamuliwe maji kwa kuwekewa mawe ya mizani juu yake.

"Kila siku ongeza uzito mara mbili," akasema, akaenda Nairobi.

Nikaongeza asubuhi, nikaongeza jioni. Mwenzangu Kamau akaniuliza, "Huo udongo haupewi nafasi ya kupumua?"

"Hii ni sayansi, bwana," nikamjibu.

Mhandisi aliporudi, udongo ulikuwa umefurika nje ya pete kama uji.

"Nani fanya hii?"

"Mimi, bwana," nikasema kwa fahari. "Asubuhi na jioni, sikukosa."

"Mimi nasema leo ratili moja, kesho mbili, kesho kutwa nne! Udongo lala siku mzima, toa maji! Wewe kwenda nyumbani."

Kamau akanisindikiza hadi mlangoni.

"Pole. Lakini nani alikwambia huyu anajua Kiswahili? Sisi wote humwomba aonyeshe kwa vidole."