Kisu cha Baba na Cherehani ya Mzungu

Kwetu Tumati kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Anayetoa anakiweka chini, anayepewa anakiokota. Mkipokezana mkononi, mtagombana. Baba alilishika hilo hata kwa kisu chake cha kukunja, alichorudi nacho kutoka vita ya Burma, chenye mpini wa pembe nyeusi, kifungua kopo na msumari mnene wa kulegezea mafundo. Siku nilipoolewa alikiweka kwenye majani mbele yangu, akasema, "Okota." Nikaokota haraka kabla hajaghairi.

Kilinifaa sana nilipopata kibarua cha kushona midomo ya magunia kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Wenzangu walikata kamba kwa meno. Mimi nilikata kwa kisu cha vita, nikijiona meneja. Hapo ndipo alipokiona fundi mmoja wa kizungu, wa mashine za kuvunia. Aliruka kama aliyeona nyoka, kisha akaanza kucheka. Kumbe mtu mzima yule alikuwa anakusanya visu vya zamani, anavilaza kwenye sanduku lenye kitambaa laini, na wala havikati hata kitunguu! Aina ile, alisema, ameitafuta miaka.

"Mama, nauza?" aliniuliza kwa Kiswahili chake.

"Mwenye kuuza si wewe, ni mimi. Na siuzi."

Wiki iliyofuata akaja na neno jipya: cherehani. Mke wake anarudi kwao, anayo ya kuzungusha kwa mkono, nzima kabisa, tubadilishane. Siku ile nilishona magunia kombo mpaka msimamizi akauliza kama naumwa. Mimi niliyeshona magauni ya watoto wangu kwa sindano na uzi, mimi niliyesimama mlangoni kwa fundi cherehani wa Mbulu mjini mpaka akaniuliza nimepotelewa na nini! Niliitaka mno mashine ile. Lakini kisu kilikuwa cha baba, na baba alikuwa hai.

Nikapanda lori mpaka Tumati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja. Alinisikiliza huku ameingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake kuukuu, vidole vikachungulia chini, kwenye tundu ambalo kisu kile kilitoboa miaka yote aliyotembea nacho.

"Mimi niliweka chini, wewe ukaokota," alisema. "Sasa unaniuliza nini?"

Hata hivyo, siku ya kubadilishana alifika kwangu Endagikot asubuhi na mapema, eti amekuja kuangalia mashine tu.

Land Rover ikaja. Cherehani ikateremshwa ndani ya kasha lake la mbao, limezungushiwa kamba. Fundi akanyoosha mkono apokee. Mimi, bila hata kufikiri, nikakiweka kisu chini kwenye majani. Mzungu wa watu akanywea. "Sawa, mama. Pole," akasema, akalibeba kasha kulirudisha garini. Alidhani nimekataa!

"Okota!" nilipiga kelele. "Okota, ni chako!"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Tulipomweleza desturi yetu, fundi naye akacheka, akaokota. Kisha akaniona nahangaika na mafundo ya kasha, na kwa kuwa alikuwa ameshajifunza adabu zetu, akakiweka kisu chini mbele yangu ili nikate kamba.

Nikaokota, nikakata. Hapo kicheko kikanikauka. Kwa desturi yetu, kisu kilikuwa changu tena. Mara ya kwanza nilikiweka kwa kiherehere. Sasa kilikuwa kiganjani, kina joto, na baba ameacha kucheka, ananitazama. Nilifungua kasha. Nikazungusha gurudumu mara moja, sindano ikapanda, ikashuka. Jamani, moyo wangu! Nikakikunja kisu, nikainama, nikakiweka chini kwa mikono miwili.

Nguo ya kwanza kupita kwenye cherehani ile, jioni hiyo hiyo, ilikuwa koti la baba. Nililiziba lile tundu la mfuko kwa mshono ulionyooka, nikamvalisha mwenyewe kwa majivuno. Akaingiza mkono, vidole vikagota.

"Umeziba vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa nitaweka nini?"