Mkono wa Mzee Haruna na Mstari wa Njano

Mzee Haruna Likwata hakai. Ukimpa kiti anakalia ukingoni, ukimpa chai anakizungusha kikombe kwa vidole vitatu vya mkono wake wa kulia mpaka chai inapoa, kisha anainuka kwenda kutazama mabomba aliyokwisha kuyatazama mara nne. Nimefanya naye kazi miaka sita kwenye mtambo wa kuchimba visima, mimi nikiwa fundi wa kompresa ya hewa, na sijawahi kumwona akimaliza sahani ya wali mahali pamoja. Tangu ule mkono wa chuma uletwe, akazidi. Alinichosha mpaka nikawa nanuna bure.

Zamani bomba la kuchimbia tulilibeba wawili wawili, tukalisimamisha juu ya lile lililokwisha kuingia ardhini, tukalikaza kwa spana kubwa. Kazi ya Mzee Haruna ilikuwa kulipokea. Alipangusa meno ya bomba, pale linapounganishwa, kwa kiganja, mchanga usibaki, akasema bismillahi, ndipo likaunganishwa. Bomba lililofungwa likiwa na mchanga hukatika huko huko chini, na kisima kinakuwa hasara tupu. Sote alitufundisha hivyo. Hata mimi Debora, binti wa katekista wa Rondo, nilikuwa napangusa na kusema bismillahi, na baba hajui mpaka leo. Mzee mwenyewe vidole vyake viwili alivipoteza Nachingwea, siku spana ilipoteleza.

Mwaka huu kampuni ikaleta mtambo mpya. Una mkono wa chuma unaonyanyua bomba kutoka kwenye rafu, una brashi ya kusafisha meno, unapaka grisi, unakaza, yote bila mtu kugusa kitu. Mabomba tuliyokuwa tukiyashusha kutwa nzima sasa yanaisha kabla ya adhuhuri. Mtu mmoja anauendesha kwa rimoti ya mikanda anayoivaa kifuani, akiwa nyuma ya mstari wa njano. Mstari ukivukwa, king'ora kinalia, na mwenye rimoti lazima abonyeze kitufe chekundu hapo hapo. Rimoti akapewa Mzee Haruna, kwa sababu hakuna aliyeyajua mabomba kama yeye.

Wiki ya kwanza tu akavuka mara mbili. Rimoti kifuani, macho kwenye bomba, huyo, kiganja mbele. Msimamizi wetu Benjamini si mtu mbaya, ila kalamu yake nyepesi. Akamwandikia barua mbili za onyo, akasema king'ora cha tatu ni kurudi nyumbani Kilwa Masoko, hakuna cha mjadala.

"Mzee, mkono wako una mashetani?" nikamtania. "Tumwite mganga?"

"Cheka tu, mwanangu," akanijibu. "Mimi nifike Kiswere kwanza."

Kiswere ndiko kitovu chake kilikozikwa. Mama yake alikunywa maji ya chumvi maisha yake yote, na dada yake Fauzia anayachota mpaka sasa. Miaka ishirini na mbili Mzee Haruna amechimbia vijiji vya watu, na hatimaye zamu ikafika kwao. Alitaka kitu kimoja tu: awe yeye mwenye rimoti siku maji matamu yatakapotoka pale.

Tulipofika Kiswere akaniomba kipande cha kanga yangu kuukuu. Nikadhani anataka kufutia jasho. Kumbe alijifunga mkono wa kulia kwenye reli ya kuegemea, rimoti akawa anaiendesha kwa kushoto.

"Mzee umefungwa kama mbuzi wa Idi!" nikacheka mpaka nikashika mbavu. Hakucheka. Vidole vilikuwa vinachezacheza ndani ya kile kitambaa, havitulii.

Bomba la kumi na nane lilikuwa linashuka nami niko karibu na mstari, nakagua mpira wa hewa. Brashi ilikuwa imejaa udongo wa mfinyanzi. Nikaona tonge la mchanga limeganda kwenye meno ya bomba la chini. Sikufikiri kitu. Mguu ukavuka, kiganja kikaenda, mdomo ukasema bismillahi.

King'ora kikalia.

Bomba la juu likasimama, upana wa kiberiti tu kutoka kwenye vidole vyangu. Nikauvuta mkono, nikarudi nyuma ya mstari. Nilipogeuka, Mzee Haruna alikuwa amesimama ndani ya mstari, kidole bado kimekandamiza kitufe chekundu, na kipande cha kanga kinaning'inia mkononi. Alikuwa amenirukia, kanga ikachanika.

Benjamini akatoka hemani mbio. Yeye alisikia king'ora tu. Akamkuta mzee ndani ya mstari, mimi niko nje.

"Mzee, nilikuambia," akasema kwa huzuni. "Vua rimoti."

Mzee Haruna akanitazama, bila hasira, akaanza kufungua mkanda. Hakunitaja. Na mimi nikanyamaza. Sitaki kujisafisha: nilinyamaza mpaka mkanda wa kwanza ukafunguka. Niliogopa, halafu niliona haya, maana wiki tatu nzima nilikuwa namcheka mtu kwa kosa ambalo sasa nimelifanya mimi.

"Ni mimi!" nikafoka, kama vile Benjamini ndiye mwenye kosa. "Mimi nimevuka! Yeye amekuja kuniokoa vidole. Niandikie mimi!"

Akaniandikia. Kisha akaamuru brashi isafishwe kabla ya bomba lingine kushuka, na Mzee Haruna akafunga tena mkanda wake.

Saa kumi maji yakatoka, kwanza tope, kisha meupe. Watu wakaja na ndoo na madumu. Bi Fauzia akakinga kiganja, akaonja, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Wakamwita kaka yake aje aonje. Hakwenda. Alivua rimoti, akaja kwangu kwenye kompresa, akasimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa ametulia.

"Lete mikono," akasema.

Nikampa. Akavihesabu vidole vyangu kwa sauti, kimoja kimoja, akivishika kwa vitatu vyake. Alipofika kumi, akaanza tena upya.