Mtamba wa Hyasinta Amekataa Pumba

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Rhotia, wilayani Karatu. Hyasinta Tluway (29) amechuchumaa zizini, kiganja kimejaa pumba zenye molasi. Mtamba mwekundu ananusa, anapuliza, anageuza shingo.

"Kula basi mwanangu, kidogo tu. Unaniaibisha mbele ya mwandishi."

Mtamba hali. Leo ni siku ya tisa anakataa pumba, na hata majani anayagusa kidogo tu.

"Mpikie pilau basi," anamtania mwajiri wake, Mama Verediana, akipita na ndoo ya maziwa. Kisha sauti inabadilika. "Hyasinta, Jumamosi ni mnada. Mimi sifugi mifupa."

Hyasinta, aliyeishia darasa la saba huko Mbulu, anahudumia ng'ombe sita wa mama huyu. Analipwa shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi, na walipatana kwamba akimaliza miaka mitatu atapewa mtamba, ndiye huyu mwekundu. Miaka hiyo inatimia Desemba. Mpaka hapo, mnyama ni wa tajiri.

Kosa analikiri mwenyewe. Dawa ya minyoo ni chungu, akaificha ndani ya pumba zilizokolea molasi.

"Nilimwona amekonda, nikazidisha kipimo. Nilidhani namsaidia."

Mtamba alikula kwa uroho. Baadaye akaharisha, akalala chini akitetemeka. Alipopona, hakutaka tena hata harufu ya molasi.

"Dada, ulimi wake ni mzima," Apolinari, afisa mifugo, alimweleza alipokuja kumpima. "Ulimi unaonja tu, anayeamua ni ubongo. Ubongo wake umeshika kwamba utamu ule ndio uliomwumiza. Hajui habari za dawa."

"Sasa nimwambieje kwamba siyo?"

"Humwambii. Mwache asahau polepole. Mpe majani mabichi na magadi ya kulamba, na umfunge karibu na ng'ombe anayekula vizuri."

Ndiyo maana tangu juzi, mbali na kumjaribu kwa pumba kiganja kimoja, Hyasinta anashuka korongoni kukata majani kabla ya kukamua, na mtamba amefungwa ubavuni mwa ng'ombe mzee asiyechagua chakula.

Leo, ng'ombe mzee anatafuna. Mtamba anamtazama mdomo. Anasogea, analamba magadi, anavuta majani. Mafunda matatu, basi.

Hyasinta hashangilii. Anarudi nyuma taratibu asimshtue, anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Anasema kesho atamwomba Mama Verediana wiki moja zaidi, hata kama itabidi akatwe mshahara wa mwezi huu. Nyumbani kwao hakuna ng'ombe tangu wa mwisho auzwe baba alipougua. Mama yake huomba maziwa kwa jirani.

"Mama ameshajenga zizi. Kila akipiga simu ananiuliza, 'Mwekundu wangu hajambo?' Hajawahi kumwona," anasema. "Namjibu hajambo. Nataka Desemba nikimfikisha pale, iwe kweli."