Sahani Mbili za Paka wa Dobi

"Punje!" alisema mdogo wangu, na kiganja akakipiga juu ya meza. "Mpe paka punje, kavu hivyo hivyo zilivyo. Zisiguswe hata na tone la maji."

"Baba, daktari amesema chakula kilaini. Cha kopo, chenye mchuzi wake. Umemsikia kwa masikio yako."

"Masikio yangu yamepigwa mvuke miaka arobaini, hayasikii kila kitu."

"Mbona yalisikia niliposema punje, ukanibishia mwezi mzima?"

"Basi umenishinda. Ndiyo nasema punje."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya furushi la mashuka machafu, maana kiti cha pekee mle ndani alikuwa amekilalia paka. Nikawatazama baba na binti yake wanavyobadilishana vita kama watu waliochukuliana makoti mlangoni. Mwanzoni binti ndiye aliyekuwa wa chakula kikavu na baba ndiye wa kilaini. Sasa kila mmoja amehamia upande wa mwenzake na anaupigania kwa meno na kucha. Siku nyingine ningecheka mpaka nivunjike mbavu. Lakini paka alikuwa na siku ya tatu hajatia kitu kinywani, na daktari wa wanyama alikuwa ameahidi kurudi saa nne asubuhi. Akikuta amekula, hata kijiko kimoja, ataendelea kumtibu. Akikuta hajala, atamchoma sindano ya kumpumzisha milele. Na saa ya ukutani ilikuwa imeshaipita tatu na nusu.

Huyu mdogo wangu ni dobi. Tumbo letu moja, shule yetu moja pia, maana yeye hakwenda na mimi sikwenda. Alianza na pasi ya mkaa akiwa hajaota ndevu, akahamia ya umeme akiwa ameshaota mvi. Mimi husemwa kwamba natia chumvi, lakini hili halihitaji chumvi: hakuna mtu aliyepata kunyoosha suruali kama yeye. Mwalimu mmoja alivaa suruali iliyotoka kwake, akaenda kukaa kwenye benchi la shule, aliponyanyuka benchi likabaki vipande viwili, limekatwa na mkunjo. Mkibisha muulizeni seremala aliyeliunga. Yu hai, ila hasemi na mimi.

Wifi yangu, mkewe, ndiye aliyekuwa mlangoni. Alipokea nguo, akashona vifungo vilivyong'oka, na kila mteja alimwekea uzi wa rangi yake ndani ya ukosi, ili mume asiyejua kusoma asije akampa polisi gauni la mkunga. Huyu paka naye aliingia kwa mlango huo huo. Lilikuja furushi la mashuka kutoka nyumba ya wageni, wifi akalifungua, akakuta kitoto cha paka kimelala katikati, macho hayajafumbuka sawasawa. Akaenda kwa mwenye nyumba ya wageni akamwambia, "Mashuka ni kumi na mawili na paka mmoja. Paka sifui, nabaki naye." Alipokua akawa halali kwingine ila juu ya kitabu cha kupokelea nguo, ndipo akaitwa Karani. Miaka kumi na sita amekilalia kitabu kile. Wateja walikuwa wanamwamkia yeye kwanza.

Na chakula cha Karani kilikuwa kazi ya wifi peke yake. Alichemsha vichwa vya samaki, akakaa chini, akachambua miba mmoja mmoja kwa vidole, akaponda nyama na mchuzi wake mpaka ikawa kama uji, akaipuliza. Nilikuwa namwambia, "Wewe wifi, mwanao hukumpulizia chakula hivyo." Ananijibu, "Mwanangu alikuwa analia akisikia moto. Huyu hasemi kitu."

Miezi mitano sasa tangu wifi atutoke. Alifia pale pale, nyuma ya pazia, chumba kikiwa kimoja kimegawanywa: mbele kazi, nyuma kitanda. Karani alikaa juu ya mto wa marehemu siku nzima, tukamwondoa kwa nguvu. Kisha mdogo wangu akajikaza kisabuni, akachemsha samaki. Mtu aliyeweza kunyoosha kitambaa chochote kilichofumwa akashindwa na mwiba. Karani alinusa sahani, akamtazama usoni, akaondoka zake. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mdogo wangu alikaa sakafuni na sahani ile mapajani, akamwambia paka, "Na mimi nataka chake, mwenzangu. Hakuna."

Hapo ndipo binti alipoleta mfuko wa punje, chakula cha paka cha dukani. Yeye anauza kwenye duka la vyakula na dawa za mifugo, upande ule mwingine wa mji, kwa hiyo maneno anayo. Akatueleza: punje zinasafisha meno. Hazinuki samaki katikati ya mashati meupe ya watu. Unazimimina asubuhi, paka anakula anapotaka, wewe unaendelea na pasi yako. Haziozi. Kila alilosema lilikuwa kweli, na kila aliposema baba yake alitikisa kichwa.

"Mama, huyu si kuku wa kumwagiwa punje."

"Si kuku, baba, lakini na wewe si mpishi."

Neno lile lilimwingia. Akapokea mfuko.

Na Karani akala! Si kwa furaha, lakini akala, kru kru kru, kama mzee anayetafuna karanga bila meno. Binti akawa anapita kila baada ya siku tatu, anajaza sahani, anabadilisha maji, anaondoka kabla chai haijachemka. Tukadhani yamekwisha.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye siri, na mdogo wangu aliniambia mimi tu, juzi, akinong'ona kama mwizi wa kuku. Dobi ana desturi yake. Shati la pamba likikauka sana halipigwi pasi. Unalinyunyizia maji kwa vidole, unaliviringisha, unalifunika kwa kitambaa kibichi, unaliacha lilale usiku kucha. Asubuhi unyevu umeenea kila uzi, pasi inateleza yenyewe. Hiyo ndiyo elimu yake, hana nyingine. Basi akazitazama zile punje zilivyo kavu, akamkumbuka mkewe na uji wake wa samaki, akasema moyoni: kikavu hurudishiwa unyevu. Jioni akawa anachukua punje za kesho, anazinyunyizia, anazifunga kwenye kitambaa kibichi, anazilaza kwenye kikapu pamoja na mashati. Asubuhi zimekuwa laini, anamwekea Karani. Paka akala vizuri zaidi. Mdogo wangu akafurahi mpaka akaanza kupiga mluzi.

Lakini chumba cha dobi ni joto, na shati halichachi. Punje huchacha. Asubuhi moja alifungua kitambaa, akasikia harufu kidogo, akajiambia ni wanga wa nguo. Karani akala. Mchana akatapika, na tangu siku ile akaanza kupungua, mgongo ukatoka kama mstari wa pasi.

Daktari alipokuja akampapasa, akasema figo zimechoka, mzee huyu anahitaji maji ndani ya chakula, mpeni kilaini. Binti akasikia: wewe na punje zako ndio mliomkausha. Baba akasikia: wewe na kitambaa chako ndio mliomlisha uozo. Kila mmoja akauchukua mzigo wote kichwani, akamficha mwenzake. Ndiyo maana binti sasa analilia kopo, na baba anaogopa maji kama paka mwenyewe.

Basi asubuhi hiyo sahani zikawekwa mbili mbele ya kiti. Moja ya punje, moja ya kopo, nyama katika mchuzi mzito. Karani alifungua jicho moja. Akainua kichwa kidogo, tukashika pumzi wote. Akanusa hewa upande wa kopo, akanusa upande wa punje, akakirudisha kichwa juu ya miguu yake.

"Zipe nafasi hizo punje," alisema mdogo wangu. "Kopo linamchefua."

"Punje ndizo zilizomfikisha hapa!" Binti alichovya kidole kwenye mchuzi, akampelekea puani. "Mkono mtupu haulambwi, Karani, na wangu si mtupu. Lamba. Nakuomba, lamba."

Karani aligeuza uso.

Nikaona sasa nitapasuka. Nikasema, "Nyinyi wawili, nisikilizeni. Juzi nilimsindikiza daktari mpaka mlangoni. Nikamwuliza, tulimdhuru na nini, kikavu au kilaini? Akanijibu, bibi, figo hizi zilianza kuchoka tangu marehemu yuko hai. Hata angekula kwa kijiko cha fedha, siku zingefika. Hakuna aliyemuua."

Wakanitazama. Jamani, nimesimulia mengi maishani mwangu. Nimesimulia panya aliyebebwa na watu wanne, na benchi lililokatwa na suruali, na watu wameniamini. Hili moja la kweli nililitoa mikono mitupu, bila chumvi, na wale wawili wakanitazama kwa huruma.

"Asante, shangazi," alisema binti. "Najua unatupoza."

"Dada hutia chumvi," mdogo wangu akasema polepole. "Ni wema wake."

"Sijatia chumvi! Haya, kama nasema uongo, basi na hili ni uongo: baba yako alikuwa akizinyunyizia maji punje zako na kuzilaza na mashati, na siku moja zilichacha, na tangu hapo halali."

Nililisema kabla sijajizuia. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Binti aligeuka.

"Ni kweli, baba?"

"Nilitaka zifanane na cha mama yako," alisema. "Nikadhani zitalainika tu. Nilisikia harufu, mwanangu. Nilisikia, nikampa."

Nilidhani binti atafoka. Badala yake alikaa sakafuni, karibu na sahani, mgongo kwenye mguu wa meza, akaanza kulia bila sauti, machozi yakimwingia mdomoni.

"Unanilaumu?" mdogo wangu aliuliza.

"Nikulaumu nini? Wewe angalau ulikuwa unamkaribia." Akapangusa uso kwa mkono ule wenye mchuzi. "Baba, nilisema punje zinasafisha meno. Nilisema hazinuki. Unajua kwa nini nilizileta? Samaki anataka kuchemshwa kila siku, na ningekuwa nakuja mimi kuchemsha, kwenye sufuria ya mama, nikilitazama lile pazia. Punje hukaa siku tatu sahanini. Nilihesabu. Siku tatu siji. Nilikuwa natafuta chakula kitakachoniruhusu nisije."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, gurudumu moja likilia. Niliyaona macho ya mdogo wangu yakienda kwenye pazia, yakarudi kwa binti, yakakaa hapo.

Alipiga magoti. Magoti yake hayapigwi kwa urahisi siku hizi, yalilia moja baada ya jingine. Hakumgusa binti. Alisogeza tu sahani ya kopo, akasogeza na ya punje, ili apate nafasi ya kukaa kati yao.

"Siku hizo tatu tatu," alisema, "mimi nilikuwa nakaa hapa hapa. Nasikia hatua barabarani, nasema huyo ni yeye. Zinapita. Namwambia Karani, kesho." Akamgeukia binti. "Niambie basi, mama, nami nijue. Ulikuwa unalikimbia pazia, au ulikuwa unanikimbia mimi?"

Binti alimtazama.

"Baba, mimi siku ile mama..."

"Hodi humu!"

Daktari alikuwa ameshaingiza mguu mmoja, mkoba wake kwapani, anapangusa kiatu kwenye gunia la mlangoni. Binti akafunga mdomo. Mdogo wangu akashika ukingo wa meza ajiinue, asiweze, nami nikampa mkono. Daktari alitutazama sisi watatu, akamtazama Karani kitini, kisha akainama juu ya sahani zile mbili.

"Haya, wenyewe," alisema. "Amekula?"