Baraghashia Iliyomtoa Baba Ndani

Juzi nilikwenda Kariakoo kumtafutia mwanangu kofia ya kuvaa siku ya nikahi yake. Kijana wa dukani akanimwagia mezani lundo la kofia nyeupe, zote zimedariziwa kwa mashine, zote zinafanana utadhani zimezaliwa siku moja. "Chagua mama, mzigo mpya huo," akaniambia. Nikachukua moja, nikaipindua ndani nje, nikaanza kukagua mshono. Kijana akacheka. "Wewe ndiyo wa kwanza leo kuangalia ndani, mama. Wenzio wanaangalia nje." Nikamjibu kwamba ni mazoea ya kwetu. Sikuendelea, maana watu walikuwa wananisukuma mgongoni, na habari yenyewe si ya kusimulia ukiwa umesimama. Wewe umekaa, kwa hiyo nitakusimulia.

Nilikulia mitaa hiyohiyo, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa nyuma ambako wapangaji wote tulipikia, tulifulia na kugombania kamba ya kuanikia. Sisi tulikuwa na chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Pazia la kitenge lilikigawa: upande wa ndani kitanda cha wazazi, upande wa mlangoni mkeka, cherehani ya mkono ya mama, na godoro langu lililokunjwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka ambayo nilipokuwa mdogo zaidi yalikuwa na rafu tupu yalifurika ghafla sabuni za kunukia, viatu, vitambaa vya kila rangi, na mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai. Watu walisema neema imekuja. Kwetu ilikuja kwa mlango mwingine, kwani shirika la umma alikokuwa karani baba yangu lilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa.

Mimi siwaamini sana wanaosema kwamba zamani ilikuwa raha tupu. Nikikumbuka chumba kile, kitu cha kwanza kinachonirudia ni kubana pumzi.

Baba alikuwa anashona kofia. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yetu. Marehemu bibi, aliyemzaa baba, alikuwa mshonaji wa baraghashia huko kusini mwa pwani, na kwa kuwa hakujaliwa binti alimfundisha mwanawe wa kiume. Baba alipopata kazi ya ofisini aliuacha ujuzi ule, wala hakuutaja kwa mtu. Alipokosa kazi, ukawa ndio unaotulisha. Sasa elewa jambo moja kuhusu mtaa wetu. Mwanamume mwenye cherehani barazani hakuna aliyemshangaa, mafundi wote wa suruali walikuwa wanaume. Lakini mwanamume aliyekunja miguu mkekani akidarizi kwa sindano ya mkono, kazi ambayo pale kwetu ilihesabiwa kuwa ya wanawake wa ndani, angekuwa gumzo mpaka uzee wake. Na huyu alikuwa karani, mtu aliyezoea shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni. Mtaa ulijua kwamba baba hana kazi. Hilo aliweza kulivumilia. La sindano alisema hataliweza.

Kwa hiyo mtaani fundi alikuwa mama. "Fundi, mkono wako una baraka," wanawake walimwambia, naye alikuwa anainamisha macho na kutabasamu. Haukuwa uongo mtupu. Mikoba ilikuwa yake kweli, mikoba ya kitenge yenye bitana, na vipochi vya zipu alivyovitoa kwenye mabaki tuliyonunua kwa Muhindi wa vitambaa. Vipande vya kofia pia alivikata yeye, akifuata karatasi za mfuko wa saruji alizozitengeneza kwa kila saizi, duara la juu na mkanda wa pembeni. Kutoka hapo kazi ilihamia kwa baba. Alikuwa na michoro ya bibi kwenye karatasi zilizotobolewa kwa sindano. Aliilaza karatasi juu ya kitambaa, akaipapasa kwa kitambaa kidogo chenye unga wa buluu ya kufulia, na alipoinua, mchoro ulikuwa umebaki chini kwa vidoa vidogo vya buluu. Kisha akaanza kutoboa na kuzungushia uzi, kitobo kimoja baada ya kingine, huku mama akizungusha cherehani na harufu ya wanga uliochemka ikituingia kutoka uani. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, na mimi nilikuwa nasikiliza vikombe vile kwa sikio moja tu. La pili lilikuwa mlangoni.

Maana hodi kwetu ilikuwa haikomi. Jirani wa chumba cha pili, mama mmoja mchangamfu aliyependa kujua kila sufuria ina nini, alikuwa anabisha na kuingia kwa pamoja. Ikisikika hodi, baba aliteleza nyuma ya pazia, mimi nikainyakua kofia mapajani mwake na kuiweka mapajani mwa mama, sindano ikiwa bado inaning'inia. Mama akaanza kuigeuzageuza kana kwamba anatafuta alipoishia. Tulifanya hivyo bila kuambizana. Siku moja jirani aliingia ghafla mno, baba akakosa pa kwenda, akabaki amesimama katikati ya chumba akimpa mkono. Kastabini ya kushonea ilikuwa kidoleni. Jirani akakiangalia kile kidole kilichovikwa bati, akaniangalia mimi, akamwangalia mama. "Shemeji, umeumia?" akauliza. "Nimebanwa na mlango," baba akasema. Jirani alipoondoka hatukucheka. Jioni ile baba hakugusa chakula.

Basi ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mzee mmoja Mwarabu, mtu mwenye heshima zake, na mtoto wake wa kwanza alikuwa anaoa. Dukani kwao kofia za Dubai zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni, lakini mke wa mzee alivuka barabara mwenyewe akaja kwetu. "Mwanangu," akamwambia mama, "zile ni za kuuza. Kijana wangu nataka avae ya mkono wako." Mama alishindwa kukataa. Nani angekataa? Kofia ya harusi ile ingeonwa na Kariakoo nzima.

Bwana harusi akaja kupimwa. Kijana mtanashati, nywele zake amezikata boksi kama ilivyokuwa mtindo, zimesimama juu ya kichwa nene kama zulia. Baba alikuwa nyuma ya pazia, hata kitanda hakikulia. Mama akauzungusha uzi kwenye kichwa cha yule kijana, juu ya nywele zile zote, akafunga fundo la kipimo, wakaagana. Baba aliuchukua ule uzi akauamini. Kama angekuwepo, kama angemwona mteja kwa macho yake, angeuliza swali ambalo bibi alimfundisha kuuliza kila kofia ya harusi ilipoagizwa. Lakini hakuwepo. Mama hakuwahi kufundishwa, na baba hakufikiria kumwambia.

Sikumbuki kofia nzuri kuliko ile. Baba aliishona kama mtu anayejibu tusi. Ilipokwisha tukaitia wanga, tukaikausha juu ya sufuria iliyofudikizwa, na mama akaipeleka ikiwa imefungwa kwenye leso safi.

Siku ya harusi, adhuhuri imekwisha kuadhiniwa, dada wa bwana harusi akaja mbio. Hina bado mbichi mikononi. "Fundi, unaitwa na mama! Wamemnyoa kaka, kofia inamfunika mpaka kwenye nyusi!"

Ndiyo desturi yao na yetu, bwana harusi hunyolewa kabla ya kwenda kuoa. Swali la bibi lilikuwa hilo tu, atanyolewa au la, na kila mtu mtaani alijua jibu lake. Mama naye alijua, kichwani alijua, ila mkono wake wa kupima haukujua.

Nilikwenda naye. Nyumba ilikuwa imejaa, wanaume barazani wakisubiri kusindikiza, wanawake ndani, moshi wa udi umetanda na pilau inapakuliwa uani. "Shikamoo," mama akasema. "Marahaba," mama wa bwana harusi akamjibu. "Kaa hapa, fundi, ipunguze, alasiri wanaondoka." Mama akaomba aende nayo nyumbani mara moja, kuna mwanga mzuri zaidi. Mama wa bwana harusi akatikisa kichwa. Nguo za mwanawe zilikuwa zimekwisha kufukizwa, hakuna hata uzi mmoja utakaotoka nje ya nyumba ile ukashikwe na hasidi. "Fanyia hapahapa, tunakuamini." Wakampa mto, wakamzunguka. Jirani yetu wa chumba cha pili naye alikuwepo, amekaa mbele kabisa.

Kuipunguza baraghashia si kukata na kushona. Unafumua maungio ya nyuma, unakata, halafu unadarizi upya ili vitobo vya upande huu vikutane na vya upande ule, na mtu asione palipounganishwa. Mama aliweza kufumua. Alifumua taratibu mno, na nilijua uzi wa mwisho ukitoka hatakuwa na kingine cha kufanya. Kama angesema ukweli, baba angevuliwa nguo mbele ya watu. Kama asingesema, angeharibu kofia ya harusi mbele ya wanawake wote waliomwita fundi. Nilitamani nyumba ile ishike moto. Naam, nilitamani hivyo.

"Mtoto, nenda kalete sindano yangu nyembamba," mama akaniambia bila kuinua uso.

Mama hakuwa na sindano nyembamba, mwenye nayo alikuwa baba. Nikakimbia.

Baba alikuwa dirishani, ameona watu wakikusanyika. Nilimweleza huku nalia. Akauliza jambo moja tu. "Barazani kuna nani?" Nikamtajia, na miongoni mwao walikuwamo wenzake wa ofisini, waliopunguzwa pamoja naye. Alifumba macho. Nilidhani ataniambia nirudi peke yangu. Badala yake alichukua shati lake la ofisini kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatia kastabini, sindano na uzi mfukoni palipokuwa pakikaa kalamu. Tukavuka barabara.

Akabisha hodi. Akaomba kofia iletwe barazani, maana ukumbini kwa wanawake asingeweza kuingia, na baraza ni sehemu ya nyumba, haijatoka nje. Mama wa bwana harusi alisita, akamwangalia mama. Mama akaitoa kofia mwenyewe, akaiweka mikononi mwa baba, akarudi ndani. Baba akakaa chini kwenye jamvi katikati ya wanaume, akakunja miguu, akavaa kastabini.

Wanawake walisogea mlangoni kuchungulia. Sindano ilipoanza kuingia na kutoka, mwenzake mmoja wa ofisini akaangua kicheko. "Karani! Kumbe ofisi umehamishia huku?"

"Ndiyo," baba akasema, hakuinua kichwa. "Sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Yule bwana akasogea. Hakuna aliyecheka tena, au kama walicheka sikuwasikia, nilikuwa naangalia jasho linavyomtiririka baba shingoni na kulowesha kola. Waadhini walipoanza kuitikiana misikitini alikuwa anakata uzi kwa meno. Bwana harusi akatoka, akainama, baba akamvisha kwa mikono yake miwili. Ilikaa. Mzee mwenye duka, aliyeuza kofia maisha yake yote, aliipapasa kwa nyuma akitafuta maungio, na hakuyapata.

Kuanzia hapo baba hakujificha. Alihamishia kazi barazani kwetu, wanaume wakaja kupimwa na kukaa kuzungumza, hata yule aliyecheka akaja. Kilichotutisha miaka yote ile kikayeyuka bila kumuua mtu. Lakini jina la fundi lilitoka naye. Wanawake waliokuwa wakibisha hodi kwa mama sasa waliishia barazani. "Fundi hujambo?" walimwambia baba, na mama walimsalimia kwa dirishani wakiwa wanapita. Wengine walimtania kwamba amewaringia kwa mkono wa kuazima. Mikoba yake hakuna aliyeikumbuka, na haikupita muda ikaja mikoba ya plastiki kwa makontena, yenye vishikio vya dhahabu, ikaimaliza kabisa. Kofia za baba zilidumu zaidi kidogo, kisha nazo zikafuata.

Nyumba ile haipo. Pana ghorofa la maduka, na wazazi wangu wote wawili wamekwisha kutangulia. Wenzangu hudhani nikipita pale naililia nyumba. Nililie nini? Choo chake kilikuwa kinafurika kila mvua. Ninachokililia ni kitu cha ajabu kidogo, ile miaka ya woga, sisi watatu kwenye mkeka mmoja, magoti yanagusana, masikio mlangoni, baba akiwa wetu peke yetu na mama akiwa fundi.

Nakumbuka alasiri moja, si muda mrefu baada ya harusi. Nilikuwa namshikia mama zipu. Nje baba alikuwa anacheka na wenzake, kicheko kikubwa ambacho hatukuwa tumekisikia tangu apunguzwe kazi. Mama akasimamisha mkono wa cherehani, akasikiliza, akautazama mkeka tuliokalia.

"Chumba hiki kimekuwa kikubwa siku hizi," akasema.

Nikatazama huku na huku. Kitanda kilikuwa palepale, dirisha palepale. "Si kilekile, mama?"

"Kilekile," akasema, akaendelea kuzungusha cherehani.