Vifaranga vya Madam Jeruto

Jeruto wa Kapsokwony ana digrii ya sayansi, na ukimuuliza sayansi gani, atakujibu kwa furaha: ya viumbe. Muulize habari za minyoo, muulize kwa nini mahindi ya jirani yamenyauka, utakaa hapo mpaka chai ipoe. Hesabu tu ndiyo hakuitaka. Chuoni aliipita kama mtu anavyompita mbwa aliyelala, polepole, bila kutazama nyuma.

Basi shule anayofundisha, nje kidogo ya Kitale, ikabaki bila mwalimu wa hesabu. Mwalimu mkuu, Bwana Cheruiyot, akamwita na kumweleza bila kuzunguka. Walimu wa bayolojia ni wengi, na mwaka ujao shule haitaweza kumweka kwa somo hilo peke yake. Lakini akiongeza diploma ya hesabu, ile inayosomwa Jumamosi kule Bungoma, kazi ni yake. Ajibu kabla ya shule kufungwa. Jeruto akatoka na moyo mzito. Watoto wale aliwapenda, na Jumamosi pia aliipenda, kwa kuwa ndiyo siku ya kwaya.

Sasa sikilizeni mambo ya kuku.

Mpishi wa shule, Mama Wilkista, ana jogoo wa shingo wazi, wale wenye shingo tupu kama kichwa cha mtu aliyetoka kinyozi. Tetea wake, mwenye manyoya ya kawaida shingoni, alipoanza kuatamia, Jeruto alilipeleka darasa la kidato cha tatu nyuma ya jikoni, akawaeleza habari za urithi. Huyu jogoo, mama yake alikuwa na manyoya shingoni. Kwa hivyo amebeba urithi wa aina zote mbili, na nusu ya vifaranga watakuwa shingo wazi, na nusu watakuwa na manyoya. Alilitamka neno nusu kama mtu aliyechungulia ndani ya yai.

Watoto hawakungoja. Mayai hayajaanguliwa, tayari wamegawana vifaranga kwa mdomo: shingo wazi ni wa kina Levi, wa manyoya ni wa kina Phelista. Mama Wilkista alikubali, mradi wamjengee banda. Likajengwa, na vyumba viwili sawasawa.

Vifaranga kumi wakatoka. Wanane shingo wazi, wawili manyoya.

Levi alizunguka banda akiimba. Phelista akawatazama wake wawili, wamepotea kwenye chumba kama wageni ukumbini, akasema, "Madam, si ulisema nusu? Ama nusu ya Kapsokwony ni tofauti?"

Darasa likavunjika mbavu. Mama Wilkista hakuacha hata kusonga ugali. "Kuku hajasoma, Madam. Wewe ndio umesoma."

Jeruto alicheka nao, lakini swali lilimganda. Wangekuwa sita, angenyamaza. Wangekuwa wote kumi, angemshuku jogoo. Je, wanane? Mpaka uko wapi? Chuoni alikariri kanuni ya swali kama hilo, akaifanyia mtihani, akaiacha mlangoni.

Jumamosi akakosa kwaya, akashuka Bungoma kwa Zulekha, rafiki yake wa chuoni, anayefundisha hesabu na kukaa karibu na msikiti. Zulekha alishamhimiza kuhusu diploma hiyo hata akachoka. Siku hiyo hakuitaja. Alisikiliza habari za jogoo, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, kisha akampa sarafu ya shilingi kumi na kumwambia airushe mara kumi, ahesabu upande wenye picha ya simba, kana kwamba kila simba ni kifaranga wa shingo wazi. Tena. Tena. Mandazi yakaisha, sarafu bado inaruka. Mwishowe ikatokea: simba wanane.

Jeruto akainuka kitini. "Kumbe jogoo hana makosa!"

"Hana. Kumi ni wachache, dada, wanaweza kukuchezea. Wakiwa wengi, nusu inajileta yenyewe. Na huo mpaka wako unahesabika."

"Nionyeshe."

"Yote leo? Hiyo ndiyo diploma, bana."

Jeruto akaketi, akaitazama ile sarafu, akacheka peke yake.

Jumatatu darasa zima lilirusha sarafu, kila mmoja mara kumi, madawati yakalia kama mvua ya mawe. Wachache walipata simba wanane, na mmoja wao alikuwa Phelista mwenyewe, aliyesimama na kuwika. Kipindi kilipokwisha, Jeruto alienda moja kwa moja ofisini kusema ndiyo. Bwana Cheruiyot akaanza kumshukuru kwa kuifikiria shule. Jeruto akamwambia ukweli, kwamba aliyemshawishi zaidi ya shule ni yule jogoo.

Kwaya ilinung'unika, kisha ikahamisha mazoezi yake hadi Jumapili baada ya ibada.

Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza ya masomo, Phelista alikuwa langoni na kikapu. Ndani, mmoja wa wale wawili wa manyoya, sasa amekuwa mkubwa na mwenye kiburi.

"Mpelekee mwalimu wako wa hesabu," akasema. "Akitaga, anirudishie nusu."