Mtetemo wa Motaboti ya Mbata

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu, maana mimi nilisoma chuoni mpaka juzuu ya Amma, kisha nikaozwa. Naujua kwa bada, ule ugali wa muhogo. Mvua za vuli zilikosa, mpunga ukafia shambani, na Ushongo nzima tukala bada asubuhi na jioni, aliyejaliwa kwa mchuzi wa papa, asiyejaliwa kwa chumvi. Uhuru ulikuwa bado miaka kadhaa. Mwaka huo wa bada ndio motaboti ya mume wangu iliposhikwa na mtetemo.

Nasema ya mume wangu, lakini ilikuwa mali ya tajiri mmoja wa Pangani, Mwarabu mwenye minazi mpaka macho yachoke. Mume wangu alikuwa ndiye nahodha na ndiye dereva. Akipakia mbata, nazi zilizokaushwa, Ushongo, akiishusha Tanga, akirudi ananuka dizeli na mafuta ya nazi, nami harufu ile nikiipenda kuliko udi. Wenzake wa rika lake walikuwa wakikata mkonge kwenye mashamba ya Wazungu, mikono imechanika kama nyavu kuukuu. Yeye alikuwa mtu wa mashine, na mimi mke wa mtu wa mashine. Nilitembea hivyo.

Vuli ilikosa, lakini masika ilikuja na deni la mvua zote. Mto Pangani ukafura, ukatapika magogo baharini. Mchana mmoja, mume wangu anarudi bila mzigo, karibu na mdomo wa mto, chombo kikapigwa chini kishindo kimoja kama gunia la nazi limebwagwa sakafuni. Akazima. Akatazama ndani, maji hayaingii. Akawasha, akatia gia, na hapo motaboti ikaanza kutetemeka kama mwenye homa ya baridi. Alifika nyumbani polepole, meno yanamgongana.

Jirani yetu mvuvi alipiga mbizi. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, huoni hata mkono wako. Akapapasa mbao zote, akapapasa pangaboi, lile feni la chuma la chini linalosukuma maji, akaibuka.

"Mbao nzima. Na mapanga ya pangaboi nimeyahesabu, yote matatu yapo."

Watu wakaridhika kwamba chini hakuna kibaya. Kosa likaanzia hapo.

Tajiri akaja na fundi kutoka Tanga mjini, mkwe wa nduguye, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Akaambiwa chini kumekaguliwa. Akaagiza injini iwashwe, gia itiwe. Chombo kikatetemeka. Akainua mkono: "Zima." Akafungua kifuniko, akachovya kidole katika oili, akamwonyesha tajiri kidole cheusi.

"Beringi zimekufa, bwana. Huyu habadilishi oili."

"Nabadilisha," mume wangu akasema.

"Ndivyo wanavyosema wote."

Tajiri hakugomba. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akasema injini itatolewa ipelekwe Tanga, na mume wangu apumzike kwanza. Kupumzika, kinywani mwa tajiri yule, tulijua ni nini. Ni panga la mkonge.

Asubuhi ya pili alienda kukaa kwenye chombo, mtu anavyokaa na mgonjwa. Nikamfuata kwa mtumbwi na bada yake na bakuli la mchuzi. Hakutaka kula. Nikaweka bakuli juu ya kifuniko cha injini nikamwambia, "Niwashie niisikie."

"Utasikia nini wewe?"

"Niwashie."

Akawasha. Mchuzi ukacheza kidogo juu juu, kama mtu anayetabasamu. Basi. Nikamwambia atie gia. Nanga ilikuwa imeshika, chombo kikavuta kamba, na mchuzi ukaruka wote ukamwagikia kikoi chake. Nikamwambia atoe gia. Bakuli likatulia. Gia ya kurudi nyuma, likaruka. Polepole, linaruka kidogo; mbio, vibaya zaidi.

Mimi nilikijua kitu kile. Nyumbani nina kijaa, mawe mawili ya kusagia, la juu linazunguka. La juu lilianguka siku moja likamegeka upande. Ukilizungusha taratibu linasaga kama kawaida. Ukiharakisha linarukaruka, kwa sababu upande mmoja mzito na mmoja mwepesi, mpaka bega lako liume. Mikono yako haina kosa.

"Injini yako haiumwi," nikamwambia. "Kinachoumwa ni kile inachokizungusha."

Akakamua kikoi chake, mchuzi unamtiririka. Kisha akaanza kula bada kavu.

Nikaenda barazani kwa tajiri mwenyewe. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, nikaeleza. Fundi, amekaa kando yake, akacheka.

"Dada, injini si chungu cha mboga."

"Chungu kikivuja chini, wewe unafungua kifuniko?"

Tajiri alitazama kikombe chake. Nikamwambia injini haiwezi kutolewa mpaka chombo kikae mchangani, na sasa ni maji mafu, bahari haiondoki. Siku nne tunaingia bamvua, maji yatakauka mbali, chombo kitalala chenyewe. Atazame chini kabla ya kutazama juu. Hatapoteza kitu.

"Haya," akasema. "Siku nne."

Siku ya nne motaboti ililala ubavu. Mapanga yalikuwa matatu kweli. La tatu ncha yake ilikuwa imejikunja kama sikio la mbwa. Jirani yetu alihesabu, hakupapasa mpaka mwisho. Fundi akakunja suruali yake ya pasi. Na haki yake nampa: alizungusha shafti, chuma kinachobeba pangaboi, kwa mkono akaona imenyooka, akafungua pangaboi, akalipasha panga lile moto wa makumbi ya nazi na kuligonga taratibu, akilipima kwa yale mawili mazima, mpaka yote matatu yakawa ndugu. Maji yaliporudi, mume wangu alikwenda mbio mpaka karibu na miamba akarudi, na chombo kimetulia.

Tajiri akatuita barazani, fundi yupo, kahawa imemiminwa.

"Mwanangu," akaniambia, "kesho mumeo apakie mbata. Ila huyu ni mgeni wangu, ni mkwe wetu, na maneno yatafika Tanga kabla yake. Watu wakikuuliza, sema fundi ndiye aliyeona."

Mume wangu akanivuta ncha ya kanga. Nilijua anachotaka. Alitaka niseme ndiyo, tuondoke na kazi yake.

"Niliona mimi, sisemi vingine."

Fundi akaangalia viatu vyake. Leo najua mume wangu aliendesha motaboti ile mpaka ikaoza, tajiri hakumwondoa. Lakini siku ile sikujua, na uso wa tajiri haukuniambia kitu. Akaweka kikombe chini.

"Hata mumeo akikosa chombo?"

Mume wangu aliacha kuvuta kanga.

"Niliona mimi, sisemi vingine."